Bei ya mtambo si gharama yote ya kusafisha moshi

MWENYE kiwanda anapoagizwa kupunguza moshi wa boila yake ya makaa ya mawe, jambo la kwanza analouliza ni bei ya mtambo. Ni swali la haki, lakini jibu lake huwapotosha wengi.

Tuanze na vumbi. Kifaa cha bei nafuu zaidi ni kile kinachozungusha moshi kwa kasi mithili ya kimbunga, hadi vumbi zito liangukie chini. Hata hivyo, chembe laini zisizozidi mikroni 2.5 hukiponyoka kwa wingi, nazo ndizo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mifuko ya kitambaa inaweza kunasa zaidi ya asilimia 99 ya vumbi, ila feni huhitaji umeme zaidi ili kupitisha moshi humo, na mifuko yenyewe hubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Boila inatoa tani 100 za vumbi kwa mwaka. Kifaa cha kwanza kinanasa tani 70 kwa Sh2 milioni. Mifuko inanasa tani 99 kwa Sh8 milioni. Kwa kila tani, cha kwanza kinagharimu takriban Sh29,000 na mifuko Sh81,000. Mhasibu atachagua cha kwanza bila kusita. Lakini ameacha tani 30 zikielea juu ya makazi ya watu badala ya tani moja, na nyingi kati ya hizo ni za vumbi laini. Gharama haikutoweka, imehamishiwa kwa jirani anayeugua kifua.

Hali ni hiyo hiyo kwa gesi. Kunyunyizia unga wa chokaa katika moshi ni rahisi kusimika, lakini hula chokaa nyingi na kwa kawaida huondoa salfa dioksidi kidogo. Kuosha moshi kwa maji yenye mawe ya chokaa huondoa zaidi ya asilimia 90, na kuzalisha jasi inayoweza kuuzwa kwa viwanda vya saruji. Lakini ujenzi wake ni ghali na huhitaji maji mengi.

Ukubwa wa boila nao huamua mengi. Pampu, vipimo na mafundi wanaohitajika kwa boila ndogo havipungui kwa kiasi ambacho boila imepungua. Ndiyo maana gharama kwa kila tani ya mvuke hupanda kadiri boila inavyokuwa ndogo.

Uchina ilikabiliana na ukweli huo. Katika mpango wake wa Septemba 2013 wa kusafisha hewa, haikutegemea kila boila ndogo ifungwe mitambo ya gharama. Iliagiza kwamba kufikia 2017, boila za makaa ya mawe zisizozidi tani 10 za mvuke kwa saa ziondolewe katika maeneo yaliyojengwa ya miji mingi mikubwa, huku mvuke wa pamoja, gesi na umeme vikichukua nafasi yake. Kwa boila zilizosalia, kanuni za 2014 ziliweka kiwango cha vumbi kwa boila mpya kuwa miligramu 50 kwa kila mita mchemraba ya moshi.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, nayo sheria ya mazingira ya 1999 inatambua kwamba anayechafua ndiye anayepaswa kulipa. Basi wanaokagua maombi ya viwanda wasiridhike na stakabadhi ya ununuzi wa mtambo. Wadai hesabu ya miaka yote ya kuuendesha, kiasi cha uchafu utakaosalia, na ulinganisho na nishati nyingine. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tofauti ni kwamba ukuta huu hujengwa na wasiokuwa na hisa kiwandani.