Jiko la Nyama Choma: Lichague, Litunze, Lisilale Ndani



Siku za ubatizo, kipaimara na Krismasi, nyumba nyingi za Arusha na Meru huchoma nyama uani, na mara nyingi jiko ni la kuazima kwa jirani. Ikiwa sasa umeamua kuwa na la kwako, usivutwe na rangi. Majiko mengi yanayong'aa dukani ni ya bati jembamba, na joto la makaa hulipinda upesi. Mimi ningekwenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwagiza jiko la chuma kinene.

Fundi wengi hukata pipa la lita 200. Uliza pipa hilo lilibeba nini. Kama lilibeba dawa za mashamba, likatae hata ukiambiwa limeoshwa mara kumi. Lililobeba petroli au mafuta usimpe kijana wa nyumbani alikate, kwa maana mvuke uliobaki ndani hulipuka. Kataa pia bati la kuezekea na wavu wa banda la kuku: vimepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Wavu uwe wa nondo nyembamba zisizo na rangi. Jiko lifike kiunoni, ili mgongo usiumie na watoto wadogo wasilifikie.

Dada zetu wa Tanga na Dar es Salaam wana adui wao, hewa ya chumvi itokayo baharini, ambayo hula chuma mchana na usiku. Kwao wavu wa chuma cha pua unastahili bei yake. Huku kwetu adui ni masika, Machi hadi Mei. Basi jiko likae chini ya paa, au lifunikwe turubai likishapoa kabisa. Majivu yamwage kesho yake asubuhi, maana yakilowa ndani ya jiko hukaa na unyevu na kukitoboa chuma. Wavu usugue ungali na joto, kisha upake mafuta ya kula kidogo. Ukitumia brashi ya waya, upanguse baadaye kwa kitambaa: uzi mmoja wa waya ukinasa kwenye nyama unaweza kumchoma mtu kooni.

Lakini kutu si hasara kubwa. Kubwa ni desturi ya kuingiza jiko ndani wageni wakishaondoka, hasa Juni hadi Agosti, baridi inaposhuka kutoka mlimani hadi Ngaramtoni, Ilboru na Tengeru. "Makaa bado mazuri, tuote," husema mtu, na mlango unafungwa. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani ni uchovu wa sherehe, akalala. Aliyekwisha kulala haamki kukimbia. Dirisha lililofunguliwa kidogo usilitegemee.

Ukiwakuta watu katika hali hiyo, fungua milango, watoe nje kwenye hewa safi na uwakimbize hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Mama mjamzito na mtoto mchanga wasicheleweshwe hata kidogo.

Makaa yaliyobaki yatoe kwa koleo, yaweke chini uani na kuyamwagia maji. Usimwage maji ndani ya jiko lenye moto, litapinda. Yakikauka juani utayawasha tena. Na ukimwagiza fundi, mpe kipimo cha mlango wa chumba chako cha kulala, umwambie miguu ya jiko aipanue kuupita.