Panya Garini si Kazi ya Fundi Pekee

Mwenye gari akikuta waya zimetafunwa chini ya boneti, humkimbilia fundi. Ni sawa, lakini mimi kama daktari nasema hiyo ni nusu ya kazi. Mkojo wa panya waweza kuwa na viini vya ugonjwa wa leptospirosisi, ambavyo hupenya hata kwenye mkwaruzo mdogo wa mkono. Dalili zake ni homa, maumivu ya kichwa na misuli, na macho mekundu. Wengi hudhani ni malaria, wakanunua dawa dukani, huku figo zikiharibika.

Kwa hivyo usifagie kinyesi kikiwa kikavu. Fungua milango kwa nusu saa, vaa glavu, nyunyizia jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, ngoja dakika 5, kisha pangusa. Usiache makombo ya mandazi garini, wala usiegeshe karibu na jaa la taka. Sumu usiitie humo, mtoto aweza kuiokota, tumia mtego.

Na ukipatwa na homa baadaye, mweleze daktari habari za panya. Hatazijua usipomwambia.