Mzaha wa Kinywani na Mzaha wa Karatasini

Mpwa wangu alipokuwa akisoma bara alimwandikia nyanya yake barua hapa Mombasa. Barua ilisema: "Jumamosi tulipelekwa Tsavo. Tembo tele! Sijapata kufurahi hivyo tangu nizaliwe."

Nyanya hajui kusoma herufi za kizungu, kwa hivyo mtoto wa jirani ndiye aliyemsomea. Akalitamka neno lile kwa t kavu, kama tembo la mnazi. Nyanya akajipiga kifua: "Astaghfirullahi! Tumempeleka akasome, kumbe amekwenda kulewa!" Akalia mpaka magharibi. Nilipofika nikaisoma upya, nikaitoa t kwa pumzi, kama tumtajavyo mnyama. Akafuta machozi, akauliza: "Basi mbona hakusema ndovu?"

Kijana aliporudi likizo alikiri kwamba alifanya makusudi. Alitaka nyanya ashtuke kidogo kisha acheke, kama walivyozoea kutaniana barazani.

Ndugu msomaji, jaribu mwenyewe. Weka kiganja mbele ya mdomo, useme kama tusemavyo sisi watu wa Mvita: paa la nyumba na paa wa mwituni, kaa la moto na kaa wa baharini, chungu cha kupikia na chungu mdudu. Katika maneno haya, kila mwenye uhai anatoka na pumzi, na kitu kisicho na uhai kinatoka kikavu. Mvita hawezi kuchanganya kwa sikio. Lakini karatasini yote yanafanana. W. E. Taylor, aliyechapisha methali zetu mwaka 1891, alizitilia alama sauti hizi. Tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, haikuziweka. Kwa hivyo mzaha wa tembo huishi karatasini, nasi tukiutamka sawasawa hufa mdomoni.

Na upo mzaha wa kinyume chake. Mwenye kutukusanyia tungo za Muyaka bin Haji alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Sasa muulize mwenzio barazani: "Nani aliyezikusanya?" Akijibu, "Sikujua," watu watacheka, maana hawatambui kama amejibu au ameshindwa. Uandike gazetini katikati ya sentensi, na herufi kubwa ya S itafichua siri kabla msomaji hajatabasamu.

Basi sisemi kwamba mzaha usiandikwe. Nasema mwenye kuandika akumbuke kwamba hatakuwapo unaposomwa. Sote tunaijua hadithi ya mtu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuomba mnyama wa kupanda. Mtume akamwambia atampa mtoto wa ngamia. Yule mtu akastaajabu, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume akamkumbusha kwamba hakuna ngamia asiyezaliwa na ngamia. Neno lilikuwa la kweli tangu mwanzo, na mwenye kulisema alikuwapo kulifafanua pale pale, kabla moyo wa yule mtu haujavunjika. Nyanya yetu hakupata wa kumfafanulia mpaka magharibi.

Siku hizi tunatumiana mizaha kwa simu, maneno matupu bila uso wala sauti, na wangapi wamenuniana kwa neno ambalo barazani lingepita kwa kicheko! Na watoto wetu wanazidi kukijua Kiswahili kwa macho kabla ya masikio. Mtoto asiyemsikia nyanya yake akitamka paa na paa atayaona kuwa neno moja maisha yake yote, na nusu ya utani wa wazee wake utampita.

Tuwakalishe watoto wetu barazani, khasa baada ya tarawehe, wawasikie wazee wakitaniana. Na wewe mwenye kalamu, kabla hujautuma mzaha wako, mpe mtu ausome kwa sauti. Asipocheka yeye, usitaraji kwamba aliye mbali atacheka.