Gari la Marehemu Shemeji

Juma lililopita ukurasa huu haukutoka, na baadhi ya wasomaji waliuliza kama tumeugua. Hatukuugua, alhamdulillahi. Tulikuwa Kapseret, kusini mwa mji wa Eldoret, tumeitwa na mpwa wetu kusuluhisha jambo la mirathi lililoanzia Mombasa likapanda milima pamoja na gari juu ya lori. Mpwa na ndugu zake wameturuhusu tulieleze hapa bila ya kutaja majina, kwa sababu, walivyosema wenyewe, nyumba nyingi za kwetu zina gofu la gari nyuma ya ua.

Kabla ya yote msomaji ajue kwamba mjane katika kisa hiki ni dada yetu wa tumbo moja. Msuluhishi ambaye dada yake ana fungu katika mali hana budi kulitangaza hilo mapema, ili maneno yake yapimwe ipasavyo.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, la milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Vijana wa leo huenda hawalijui, lakini waliokuwa watoto katika miaka ya sabini walilichora kwenye madaftari yao. Gari la aina hiyo lilishinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Mara hiyo ya pili Mehta alimaliza akiwa sawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström, ambaye naye alikuwa katika Datsun ya aina nyingine, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Marehemu shemeji alikuwa akikisimulia kisa hicho kila Idi, baada ya chakula, hata wanawe wakawa wanakimalizia kabla yake.

Yeye alilinunua lake mwaka 1981, tayari limetumika, akalitumia hadi 1998. Kisha likasimama Tudor, nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka maji ya mkono wa bahari. Alipofariki, warithi waligawana nyumba, akiba na vyombo, na hakuna aliyelitia gari hesabuni. Waliliita gofu. Sisi tulikuwepo siku hiyo, tukayasikia, tukanyamaza. Tunaliandika hili kwa sababu sehemu ya lawama ni yetu.

Miaka miwili baadaye akatokea mfanyabiashara mmoja aliyelitaka gofu lile kwa shilingi 480,000, na akaiandika ahadi yake katika karatasi. Mpwa wetu, ambaye ni mtoto wa pili na anafanya kazi Eldoret, akakataa lisiuzwe. Akawaambia nduguze, “Niachieni nilifufue gari la Baba.” Walimwachia kwa maneno matupu, na wala hawakuulizana kama wanampa, wanamkopesha, au wanashirikiana naye. Alilipa shilingi 45,000 za lori kwa safari ya kilomita mia nane hivi, na fundi wa kwanza akamkadiria kazi yote ya chini kuwa shilingi 185,000.

Hapa inatupasa tueleze kidogo, maana ugomvi wote umezaliwa na bati. Lori au Land Rover ya zamani ina chasisi ya kujitenga, fremu nene ya chuma ambayo bodi huwekwa juu yake. Datsun hii haina kitu hicho. Bati la sakafu, mihimili miwili myembamba iliyochomelewa chini yake, vizingiti vya milango na kuta za ndani za magurudumu, vyote hivyo kwa pamoja ndivyo chasisi. Shokomzoba zimeshikwa na bati hilo hilo, na usukani vilevile. Kutu ikiingia humo, anayeketi ndani ameketi juu ya kitu kisichoshika, hata kama rangi inang’aa.

Na kutu ilikuwa imeingia. Kwanza walipuliza mchanga kuondoa rangi. Sakafu iliyoonekana nzima ikatoboka kama chekecheo. Chini ya kitako cha betri, mahali ambapo asidi hudondoka miaka nenda miaka rudi, mhimili wa mbele ulikuwa umebaki ganda. Katika kizingiti cha kushoto walikuta puti nene kama mkate, na nyuma ya puti karatasi za gazeti zilizoloweshwa gundi, na nyuma ya karatasi hakuna kitu. Ni kazi ya fundi wa zamani, ambaye bila shaka alilipwa kwa bei ya chuma. Fundi wa sasa, mzee wa Kinandi mwenye maneno machache, alitwambia, “Shehe, hii gari ilikuwa inashikwa na rangi tu.”

Siku ile ya kupuliza mchanga ilikuwa Alhamisi. Ilipasa bati lipakwe rangi ya msingi kabla ya jua kuchwa. Umeme ukakatika alasiri, mashine ya upepo ikasimama, na usiku ikanyesha mvua, nayo mvua ya Uasin Gishu haina mzaha. Ua ule una paa lakini hauna kuta. Jumatatu bati lote lilikuwa limegeuka rangi ya machungwa. Kutu hiyo changa hufutika, lakini huifuti bure: kazi iliyogharimu shilingi 30,000 ilirudiwa kwa shilingi 18,000, na bati likazidi kuwa jembamba.

Pigo kubwa likaja baada ya hapo. Fundi wa kwanza alikata sakafu ya pande zote mbili kwa siku moja bila ya kufunga vyuma vya kuzuia ndani ya gari. Chombo kisicho na fremu kikiondolewa sakafu yote hulegea kama sanduku lililotolewa kitako. Waliporudisha milango, ule wa kulia haukufunga, na mwanya wake ulikuwa mpana juu kuliko chini. Walipopima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, upande mmoja ulizidi mwingine kwa milimita 11. Fundi huyo hakuonekana tena. Huyu mzee wa Kinandi ndiye aliyekuja kufunga vyuma vya msalaba, akalirudisha umbo kwa jeki na minyororo, kidogo kidogo, kwa majuma matatu. Ndiye pia aliyemwonyesha mpwa wetu namna ya kuchomelea bati lisilofika unene wa milimita moja: nukta hapa, nukta kule mbali, ungoje lipoe, ndipo urudi. Ukilichomelea mfululizo hujikunja kwa joto. Tulimtazama akifanya kazi hiyo asubuhi nzima, ndege zikipita juu kuelekea uwanja ulio karibu. Hakuharakishwa na mtu, na tulimwonea wivu, maana sisi tulikuwa na watu watano wa kuwaharakisha simuni.

Vipande vya sakafu viliagizwa Marekani kwa shilingi 96,000, na usafiri pamoja na ushuru ukawa shilingi 71,000. Mihimili iliyofika ilikuwa ya toleo la baadaye, mirefu kuliko ya gari hili, ikabidi ikatwe. Mtu akiuliza kwa nini asitafute bodi nzima ng’ambo, jibu ni kwamba sheria ya Kenya kwa kawaida haikubali kuingiza gari lililopita miaka 8, na hata ukiipata, namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati la nyuma ya injini ndiyo iliyomo katika hati ya umiliki. Ukilikata bati hilo umejitafutia mashaka ya kiserikali juu ya yale ya kiufundi.

Ongeza malipo ya mafundi shilingi 210,000, vyuma vya msalaba 14,000, gesi na waya na rangi ya msingi 37,000. Jumla ni shilingi 521,000. Gari halijapakwa rangi, na injini haijaguswa. Shilingi 150,000 katika hizo zimekopwa kwa wenzake wawili kazini, na mkewe alilijua deni siku mmoja wao alipopiga simu nyumbani kumtafuta. Hilo tulilizungumza naye faraghani na hatutalileta hapa, ila tuseme kwamba mkwe wetu alikuwa na haki ya kukasirika kuliko alivyokasirika.

Kisha ndugu zake wakaamka. Kaka mkubwa, aliyeko Mombasa, alisikia kwamba magari ya aina hii yakikamilika huuzwa kwa mamilioni, akatoa shauri: lisimamishwe lilivyo, sehemu zilizobaki zizibwe kwa puti, lipakwe rangi nyekundu, liuzwe, wagawane. Hapo tulisema hapana kabla hajamaliza. Wasomaji wanakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, sokoni, alipotia mkono katika lundo la nafaka akaikuta mbichi chini na kavu juu. Yule muuzaji alitoa udhuru wa mvua, na mvua ilikuwa kweli imenyesha. Udhuru haukumfaa. Mnunuzi wa gari hili angelipeleka katika barabara ya mteremko na wanawe ndani. Kaka mkubwa alinyamaza kidogo, akasema, “Sawa, Mjomba,” na tunaamini aliona haya kwa dhati.

Likabaki swali la gari ni la nani na gharama ni za nani. Tuliyosomeshwa ni kwamba mshirika akitumia fedha katika mali ya shirika bila ya idhini ya wenzake, hana nguvu ya kuwalazimisha wamrudishie. Lakini pia wao hawana haki ya kuchuma jasho lake kimyakimya. Shauri letu lilikuwa kurudi kwenye bei iliyoandikwa kabla gari halijaguswa, zile shilingi 480,000, na kuzigawa leo kama ilivyopasa siku ile. Mjane ana thumni, shilingi 60,000. Zinabaki 420,000: kila mtoto wa kiume 140,000, kila wa kike 70,000. Mpwa wetu awalipe wenzake mafungu yao, jumla shilingi 340,000, na gari liwe lake, pamoja na kutu yake na madeni yake.

Dada yetu alikubali, na fungu lake akamsamehe mwanawe papo hapo. Tulimwomba angoje siku tatu kwanza, kwa sababu mama hukubali mengi mbele ya simu. Kaka mkubwa alikubali. Binti mkubwa alikubali kulipwa kwa awamu.

Binti mdogo alikataa, na sababu yake haikuwa ya kitoto. Alisema yeye ndiye aliyekuwa akiketi na baba yake ndani ya gari lile jioni, limesimama, wakisikiliza redio. Hataki 70,000. Anataka abaki mshirika kwa fungu lake, saba katika arubaini na nane, na yuko tayari kulipa sehemu yake ya gharama, ambayo tulipoipiga hesabu ilikuwa karibu shilingi 76,000. Lakini atalipa kwa stakabadhi tu. “Mjomba, maneno ndiyo yaliyotufikisha hapa,” alisema.

Mpwa wetu akalitoa bati la biskuti lenye karatasi zake. Tuliketi naye kwenye benchi la fundi baada ya Isha, baridi ya Kapseret ikitupenya kanzu, tukazipanga moja moja. Zilizo na stakabadhi au ujumbe wa simu zilifika shilingi 388,000. Zilizobaki, 133,000, nyingi zilikwenda kwa yule fundi aliyetoweka. Alimpigia dada yake akamsomea zote, kuanzia ile ya lori, pamoja na zile zisizo na karatasi, na mara mbili alisimama kwa aibu kabla ya kutaja kiasi. Dada yake hakumkatiza. Alisema atafikiri juu ya zile 133,000.

Mpaka tunaandika haya hajajibu, na mzee wa Kinandi ameambiwa asichomelee nukta nyingine.