Cheti Hakinunuliwi kwa Simu



Wengi wetu tuliacha shule kwa kukosa karo, na twajua uchungu wa kupitwa na nafasi ya ukarani au unyapara kwa sababu ya karatasi moja tu. Ndiyo maana matangazo yanayoingia katika simu zetu yanatamanisha sana: lipa leo, upate cheti cha sekondari cha Marekani bila kufanya mtihani. Maoni yangu ni haya: tukimbie matangazo hayo, lakini tusikimbie kusoma kwa intaneti. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Kwanza tutazame Wamarekani wenyewe wafanyavyo. Mwaka 1942, wakati wa vita, walitunga mtihani kwa ajili ya askari walioacha shule kwenda jeshini, ili wakirudi wapate kazi au kuingia chuo bila ya kuketi tena darasani pamoja na watoto. Mtihani huo huitwa GED, na baadaye raia pia waliruhusiwa. Leo una karatasi nne: hesabu, lugha, sayansi na elimu ya jamii. Alama za kila karatasi ni kati ya 100 na 200, na asiyefikisha 145 hakufaulu. Mfanyakazi aweza kusoma kwa intaneti usiku baada ya kazi. Tangu 2020 majimbo mengi humruhusu hata kuufanya mtihani nyumbani kwake, msimamizi akimtazama kwa kamera. Lakini mtihani ni lazima. Intaneti humpa mafunzo. Cheti hukipata kwa jasho lake.

Matapeli nao wapo huko pia. Mwaka 2014 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi iliwashtaki watu waliouza vyeti vya sekondari kwa intaneti, kwa dola 200 mpaka 300 kila kimoja. Walikuwa wamekusanya zaidi ya dola milioni 11. Wengi walionunua walipovipeleka kwa waajiri na vyuoni, walikataliwa. Walioliwa ni watu kama sisi, wenye haja ya kazi.

Hapa kwetu njia ya haki ipo. Mtu mzima aweza kujiandikisha kwa Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa binafsi, afanye KCSE, na masomo ya intaneti yamsaidie kujitayarisha. Jambo hili si geni katika vyama vya wafanyakazi. Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour tangu 1953, alisoma uchumi kwa posta kutoka chuo cha Afrika Kusini. Barua zimegeuka kuwa simu, bali kazi ya kusoma ni ile ile.

Lakini mtu wa zamu ya usiku asome saa ngapi? Na intaneti ainunue kwa mshahara upi, baada ya kodi ya nyumba na unga? Hapo ndipo chama kinapohitajika. Wafanyakazi wa hospitali za New York, katika chama chao cha 1199, walipatana na waajiri mwaka 1969 kwamba waajiri wachangie mfuko wa elimu, na mfuko huo umewasaidia wanachama wasio na cheti cha sekondari wapate kukisomea. Hawakupewa kwa huruma. Waliketi mezani wakadai.

Wako watakaosema mshahara kwanza, elimu baadaye. Nawajibu kwamba asiye na cheti hubaki daraja la chini mwaka baada ya mwaka, hata nyongeza zikija. Kwa hivyo naomba mapatano yetu yajayo yaandikwe mambo matatu: ruhusa yenye mshahara kwa siku za mtihani; zamu ya mwenye kusoma isibadilishwe ghafula; na aliyefaulu afikiriwe kwanza nafasi inapotokea. Ahadi ya mdomo ya meneja huondoka na meneja. Iliyoandikwa hubaki.

Ndugu, zungumzeni na wawakilishi wa idara zenu kabla ya mkutano mkuu. Na wewe uliyekwisha tuma pesa kwa tangazo la simu, usione haya. Njoo useme, ili mwenzako asinaswe.

Umoja ni nguvu.

Mimi Mwanachama Mwenzenu