Kocha, Ekipe na Midomo Yetu



Mara nyingi katika gazeti yetu tunaandika juu ya usafi, juu ya maji na juu ya saa ya kuzima taa. Leo tunaomba ruhusa ya kuandika juu ya mupira. Musicheke. Mupira ndio ulileta damu katika nyumba yetu ya kulala, na kapita anayenyamaza juu ya damu hafai kuitwa kapita.

Munajua namna mambo yalianza. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 2025, TP Mazembe ilikuwa Dar es Salaam, na Young Africans, wale tunaita Yanga, wakaipiga 3 kwa 1. Mbele ya pale, katika mwezi wa 12, 2024, Yanga walikuja Lubumbashi na tukatoka nao 1 kwa 1. Tuliporudi masomoni kisha Noeli, kila mutu alikuwa na ile habari mudomoni. Kisha Mazembe ikatoka kabisa katika mashindano makubwa ya Afrika, ya mwisho katika kundi la ekipe ine. Magaribi moja, kisha chakula, mabishano yakawaka.

Mwanzo yalikuwa mazuri, na sisi wenyewe tuliyapenda. Mumoja alisema kocha anaweka washambuliaji kidogo, aongeze mutu mbele. Mwingine akajibu kwamba shida iko katikati, mupira unapita juu ya vichwa vya wachezaji na hakuna mutu wa kuushika. Wa tatu akachukua chaki na kuchora wachezaji kumi na mumoja chini ya simenti. Kama tungeishia pale, tungelala na furaha.

Lakini mutu akapiga kelele: “Huyu muzee bamufukuze, akili yake ilisha kwisha!” Mwingine akasema: “Hapana kocha. Ni dawa ya ekipe ndiyo ilikufa.” Kwenye kitanda cha mwisho mutu wa Lupopo akacheka: “Ninyi ba Tout Puissant, muko ba mwisho na munapiga makelele. Munyamaze, mulale.” Hapo mupira ulikwisha. Neno lililofuata lilikuwa: “We unatoka wapi? Rudi kwenu!” Na kiti kikaruka.

Wandugu, kile kiti hakikumupata wa Mazembe wala wa Lupopo. Kilimupata mutoto wa darasa la chini aliyekuwa amelala, tena hana ekipe hata moja. Alipasuka juu ya jicho, akashonwa.

Sasa tuseme kosa letu, sababu mutu asiyesema lake hana haki ya kusema la wengine. Usiku ule tuliandika majina matano ya kupeleka kwa Bwana Prefe. Yote matano yalikuwa majina ya watu wa Lupopo. Sisi ni wa Mazembe tangu tumbo la mama. Macho yetu yaliona upande mumoja tu. Kisha siku mbili yule mutoto, na bandeji yake juu ya jicho, alitufikia kwenye bomba ya maji akauliza pole pole: “Kapita, na yule aliyetupa kiti, jina lake uliliandika?” Tulikuwa tunamujua aliyekitupa. Ni rafiki yetu. Jina lake halikuwa pale. Siku ile hatukula vizuri. Magaribi tulirudi kwa Bwana Prefe na karatasi nyingine, na jina la kwanza juu yake lilikuwa letu. Munajua azabu: majuma mawili ya kukata majani nyuma ya kapela, wa Mazembe na wa Lupopo mustari mumoja. Ni kule kwenye majani, jembe mukononi, tulifikiri haya tunayoandika.

Jambo la kwanza ni kocha. Aliyekuwa kwenye benchi la Mazembe katika mechi zile za Yanga ni Lamine N'Diaye wa Senegal. Ni nani huyu? Ni yeye aliyekuwa kocha wa Mazembe wakati walishinda Kombe la Afrika 2010, wakiipiga Espérance ya Tunis 5 kwa 0 kwa mechi ya kwanza. Ni yeye aliyewapeleka Abu Dhabi katika mwezi wa 12, 2010. Kule walipiga Pachuca ya Mexico 1 kwa 0, wakapiga Internacional ya Brazil 2 kwa 0, na Kidiaba akarukaruka kwa matako mbele ya dunia yote. Katika fainali Inter ya Italia iliwashinda 3 kwa 0, lakini mbele ya siku ile hakuna ekipe ya Afrika iliyowahi kufika fainali ya kombe la dunia la makilabu. Wakati ule baba zetu walimuita fundi. Je, mutu aliyekuwa fundi 2010 anakuwaje mujinga 2025? Inawezekana alikosea. Inawezekana wakati wake ulipita. Kocha si mufalme. Lakini kusema “alikosea hapa na hapa” ni jambo moja, na kusema “hana akili” ni jambo lingine. La kwanza ni maoni. La pili ni tusi, na tusi halifundishi ekipe kufunga goli.

Tena tujiulize kama kocha peke yake ndiye anapoteza mechi. Tazameni mwaka 2011. Mazembe ilikuwa imeshinda Afrika mara mbili mufululizo, 2009 na 2010. Mwaka ule iliitoa Simba ya Dar es Salaam kiwanjani, lakini Simba walilalamika juu ya muchezaji mumoja, CAF ikasema hakuwa na ruhusa ya kucheza, na Mazembe ikaondolewa. Pale hakukosa kocha, hakukosa mushambuliaji. Ilikosa karatasi. Kazi ya ofisi nayo inacheza mupira, hata kama hatuioni.

Na tazameni mambo ya franga. Mwaka 2011 Mbwana Samatta alitoka Simba akakuja kwetu Lubumbashi, kijana Mutanzania, sababu huku ndiko kulikuwa na kombe na mushahara. Mwaka 2015 alifunga magoli saba katika mashindano ya Afrika, na Mazembe ikashinda kombe mbele ya USM Alger: 2 kwa 1 kule Alger, 2 kwa 0 huku. Leo njia imegeuka. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union akaenda Yanga 2023. Mbele yake Fiston Mayele alitoka V.Club ya Kinshasa akaenda Yanga 2021. Vijana wetu wanapanda ndege kwenda Dar, na tunashangaa kwamba Dar inatupiga! Kocha anapika kwa unga uliomo ndani ya mufuko. Kama mufuko umetoboka, usimupige mupishi kwanza, tafuta tundu.

Jambo la pili ni namna ya kucheza. Hapa tunapenda kusema kweli moja ya haya: wengi wetu tulifuata mechi ya Dar kwa radio ao kwa simu ya jirani. Tunasikia “mupira unatoka, mupira unaingia,” kisha tunafundisha kocha namna ya kupanga watu katikati. Sisi wenyewe tulifanya vile! Tukumbuke mwaka 2009. Fainali ya kwanza Mazembe ilipigwa 2 kwa 1 kule Nigeria na Heartland. Mutu wa kelele angesema ekipe imekufa. Lakini lile goli moja la ugenini ndilo lilileta kombe, sababu Lubumbashi walishinda 1 kwa 0 na goli la ugenini likahesabiwa. Aliyefurahi mapema alilia, aliyelia mapema alifurahi. Mupira unataka uvumilivu, na sisi wenye kushangilia hatuna hata ule wa kungoja arbitri apige firimbi ya mwisho.

Jambo la tatu ni cheo. “Muko ba mwisho!” Neno lile liliuma kuliko yote. Lakini mutajua ekipe ni ya namna gani kwa kutazama njia yake yote. Mazembe, wakati ule ikiitwa Englebert, ilichukua Kombe la Afrika 1967 na 1968. Ikafika fainali tena 1969 na 1970, ikashindwa zote mbili. Mwaka 1980 ilichukua kombe la washindi wa makombe, lakini lile kombe kubwa halikurudi mpaka 2009. Hesabuni: kutoka 1968 mpaka 2009 ni miaka 41. Babu zetu walingoja miaka 41 na hawakurusha kiti. Sisi tumeshindwa kungoja juma moja.

Na kwa wandugu wa Lupopo, tunasema hili bila uongo mudomoni. Ekipe zetu mbili zilizaliwa mwaka mumoja, 1939, katika muji mumoja. Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto kwa vijana wa masomo. Saint-Éloi Lupopo ni ekipe ya watu wa reli. Mumoja alizaliwa na daftari, mwingine na nyundo. Nani mwenye akili anaweza kusema kwamba daftari ni adui wa nyundo? Bila Lupopo, siku ya derbi ingekuwa siku ya Mungu kama nyingine, kula sombe na kulala. Adui wa kiwanjani ndiye anatufanya tupende ekipe yetu.

Sababu hii lile neno “rudi kwenu” lilitutisha. Halina kitu na mupira. Wazazi wetu hapa Katanga walilisikia katika 1992 na 1993. Walianza kulisikia kwa midomo, kisha wakaona jamaa nzima-nzima, majirani wa jana, wakilala kwenye gare ya Likasi na vyombo vyao, wakingoja treni, na wengine wakafa kule bila kuiona. Hakuna aliyejua mwanzoni kwamba mudomo unaweza kufika kule. Mutoto wa miaka kumi na tano anayelisema leo juu ya mupira hajui ni moto gani anachezea. Sisi wakubwa tunajua, kwa hiyo kosa letu ni kubwa kuliko lake.

Na dawa? Kwa ndugu anayesema dawa ya ekipe ilikufa, tunamuuliza tu: kama dawa inafunga magoli, kwa nini wachezaji wanakimbia mazoezi kila asubui?

Tusitazame tu ekipe za mbali. Mwaka jana ekipe ya masomo yetu ilipopigwa na jirani zetu, sisi sote tulimulaumu mwalimu wa siporo, tukamuzomea mpaka kwenye mulango wa nyumba yake. Lakini munajua vizuri kwamba wachezaji wane hawakuja mazoezini juma lile lote, na mumoja wao alikuwa kapiteni. Yule mwalimu hakujibu kitu. Kesho yake alikuja kupanga mipira kama kawaida. Hatujamuomba musamaha mpaka leo. Tunamuomba hapa.

Kwa hiyo, wandugu, tunaleta mashauri matatu, na tumeyasema pia mbele ya Bwana Prefe.

Kwanza: kila posho kisha kazi ya mikono, tuketi chini ya muembe, tubishane juu ya mupira mpaka tuchoke, na mutu mumoja aongoze, leo wa Mazembe, posho ingine wa Lupopo. Anayetaka kocha afukuzwe aseme sababu zake, na aseme pia nani atakuja pahali pake. Kufukuza ni rahisi. Kuweka ndiyo kazi.

Pili: mutu akitaja kabila ao kwao kwa mutu katika mabishano, mabishano yafungwe palepale, na watu wa ekipe yake ndio wamunyamazishe kwanza, si wale wa upande mwingine.

Tatu: kapita yeyote atakayeandika majina ya upande mumoja, aulizwe mbele ya wote. Kuanzia na sisi.

Yule mutoto amepona. Alama imebaki juu ya jicho, ndogo kama mbegu ya muhindi. Juma lililopita alitufikia akatuambia amechagua ekipe. Tulingoja kwa moyo wa kudunda. Alichagua Lupopo. Tulimupa mukono.

Ni sisi, kapita wenu, wa mwaka wa mwisho.