SIRI YA JESHI AU SIRI YA WAKUBWA?

Asubuhi ya tarehe 19 Novemba 2008 Jemadari mstaafu Ameer Faisal Alavi alikuwa ndani ya gari lake mjini Islamabad, anakwenda kazini. Watu wenye bunduki wakamzuia njiani wakampiga risasi, yeye na dereva wake, wakafa wote wawili. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alipata kuwa mkuu wa kikosi cha makomando cha Pakistan, na mwezi Oktoba 2003 makomando wake waliwapiga wapiganaji wa Al-Qaida pale Angoor Adda, Waziristan ya Kusini, karibu na mpaka wa Afghanistan. Wala si mgeni kabisa kwetu, maana alizaliwa Kenya, zama za Mwingereza.

Mwaka 2005 jeshi lilimstaafisha kwa lazima. Mwezi Julai 2008 akamwandikia barua mkuu wa jeshi, Jemadari Ashfaq Parvez Kayani. Alidai kwamba majemadari wawili walimfitini ili kumnyamazisha, kwa sababu alijua wamepatana kwa siri na Taliban. Akaomba heshima yake irudishwe. Nakala alimpa mwandishi wa Kiingereza, Bibi Carey Schofield, akamwambia kuwa anaogopa kuuawa, na akiuawa barua hiyo ichapishwe. Mwezi Desemba ikatokea katika Sunday Times la London. Majina ya wale majemadari wawili yalikuwa yamefutwa.

Wako waliosema mtu huyu amekwisha kuwa msaliti: siri ya jeshi haipewi gazeti la wageni. Maneno hayo yana uzito, na mimi mwenyewe sipendi kuona mambo ya taifa huru yakipelekwa London kwanza ndipo wananchi wake wayasikie. Lakini na tuulize sawasawa. Alianzia wapi? Alianzia kwa mkubwa wake, kwa barua, kama askari anavyotakiwa. Na siri yenyewe ni ipi? Idadi ya mizinga ni siri. Njia watakayopita askari usiku ni siri, na anayeitoa anawaua wenzake. Lakini kama kweli jemadari anapatana na adui huku vijana wa wakulima wanapelekwa milimani kupigana na adui huyo huyo, hiyo si siri ya jeshi hata kidogo. Hiyo ni aibu iliyovalishwa sare.

Nasema "kama kweli". Alavi alikuwa mtu aliyefukuzwa kazi, na mtu aliyefukuzwa ana uchungu wake. Barua yake ni madai, si hukumu. Wala hatuna haki ya kusema jeshi ndilo lililomwua. Wapelelezi waliwanyoshea kidole wapiganaji wa siasa kali, ambao walikuwa na sababu zao za kumchukia mtu wa Angoor Adda. Akakamatwa meja mstaafu wa jeshi lilo hilo, akashitakiwa, na mahakama ya kesi za ugaidi ya Rawalpindi ikamwachilia.

Basi, watu wafanye nini? Watasema barabarani. Wakubwa wakinyamaza, uvumi hushika kazi ya serikali. Na Pakistan imezoea ugonjwa huu tangu zamani. Waziri Mkuu wake wa kwanza, Liaquat Ali Khan, alipigwa risasi mkutanoni Rawalpindi tarehe 16 Oktoba 1951. Aliyempiga akauawa pale pale, na maswali yakazikwa pamoja naye. Mwaka 1971 jeshi lilishindwa vita Pakistan ya Mashariki, nchi ikakatika vipande viwili, Bangladesh ikazaliwa. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Mkuu Hamoodur Rahman. Tume ikafanya kazi yake, ikaandika. Taarifa ikafungiwa kabatini kwa miaka zaidi ya 25! Mwaka 2000 sehemu zake zilichapishwa kwanza na gazeti la India, jirani aliyewashinda vitani, ndipo serikali ya Pakistan ikakubali kuitoa. Hapo nani aliyekuwa anafichwa? Mhindi aliipata taarifa. Mwananchi wa Lahore ndiye aliyekuwa hajui.

Sheria inayofanya kazi hii nayo ina baba yake. Ni Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1923, iliyotungwa na Mwingereza alipokuwa akiitawala India. Uhuru ulikuja Agosti 1947, bendera ikabadilika, sheria ikabaki. Mkoloni aliitunga kwa kuwa aliwaogopa aliowatawala, na hilo tunalielewa. Serikali ya wananchi inamwogopa nani?

Mtasema taifa lililozungukwa na hatari haliwezi kuanika kila jambo uani. Sawa. Lakini kuna njia kati ya kuanika na kuzika. Liko Bunge. Wako majaji wanaoweza kuapishwa, wakakaa faraghani, wakaiona barua ya Alavi pamoja na majina yaliyofutwa, wakawaita hao majemadari wawili na kuwauliza. Kama Alavi aliwasingizia, wangesafishwa mchana kweupe, nao wangelala vizuri. Kama alisema kweli, jeshi lingepona jipu.

Na yule dereva? Magazeti yalimtaja kwa mstari mmoja. Hakuwa na cheo, hakuandika barua kwa mtu, alikuwa ameshika usukani tu. Damu yake nayo ilitaka majibu kama ya jemadari.